Telegramu Iliyoipeleka Timu Fainali Bila Kucheza

ASHA: Haya wapenzi wa soka karibuni, leo tuko Ujerumani mwaka 1903, ubingwa wa kwanza kabisa wa taifa. Beka, hebu anza na hiyo telegramu maana mi bado imenikaa rohoni.

BEKA: Dah! Sikia dada Asha, timu zilizoingia mashindanoni zilikuwa 6 tu, wachezaji wote wa ridhaa, hakuna anayelipwa. Nusu fainali Karlsruher FV wacheze na DFC Prag pale Leipzig. Sasa Karlsruhe wako kwao wanajiandaa na safari, mara inaingia telegramu, mechi imeahirishwa. Basi wakatulia nyumbani. Kumbe chama cha soka cha Ujerumani hakijatuma kitu!

ASHA: Na nani alituma?

BEKA: Mpaka leo haijulikani. Prag wakapewa fainali mezani, na mechi nyingine hawakuwa wamecheza, yaani wanaingia fainali hawajagusa mpira hata dakika moja kwenye mashindano.

ASHA: Na Prag yenyewe, yaani mji wa Prague, wakati huo iko Austria-Hungary, si Ujerumani!

BEKA: Eeh, ila ilikuwa klabu ya Wajerumani wa kule, Wayahudi wengi, na rais wa kwanza wa chama, Ferdinand Hueppe, alitokea klabu hiyohiyo ya DFC Prag. Kwa hiyo lawama unajua zilielekea wapi, japo ushahidi hakuna.

ASHA: Mi naona chama kingerudisha ile mechi, basi. Timu imedanganywa halafu ndo inaadhibiwa? Hapana kwa kweli.

BEKA: Fainali yenyewe, Prag na VfB Leipzig, tarehe 31 Mei, Altona, jirani na Hamburg, kwenye uwanja wa kwata za wanajeshi. Watazamaji hawazidi 2,000. Refa Franz Behr, huyo ni mtu wa Altona 93, klabu ambayo VfB Leipzig wameitoa nusu fainali 6-3, na ndo anawachezesha haohao Leipzig! Halafu saa ya kuanza imefika, mpira unaofaa hakuna, watu wamesimama nusu saa nzima wanasubiri mpira utafutwe.

ASHA: Fainali ya taifa hiyo jamani.

BEKA: Prag wakatangulia kufunga, mapumziko 1-1, kipindi cha pili Leipzig wakawafungulia bomba, 7-2.

ASHA: Na mwaka uliofuata?

BEKA: 1904 Karlsruhe wakafungwa 6-1 na Britannia, klabu ya Berlin, kulekule kwao Berlin, wakakata rufaa kwamba kanuni inataka uwanja huru, usio wa nyumbani kwa timu yoyote, na kweli ilikuwa hivyo. Chama kikafuta mashindano yote, fainali ikavunjwa siku ileile ya mechi, Leipzig na Britannia wako tayari kucheza. 1904 haina bingwa.

ASHA: Safi sana, kanuni ni kanuni, ila nawaonea huruma wale wa fainali. Karlsruhe walikuja kuchukua lini sasa?

BEKA: 1910, 1-0 dhidi ya Holstein Kiel, dakika za nyongeza, penalti ya Max Breunig. Nilifurahi kama timu yangu vile.