Mwingereza wa Baba Mkubwa

NEEMA: Karibuni tena. Mwenzangu karudi Marangu na sura ya mtu aliyenyimwa mbege.

KESSY: Na kweli nimenyimwa. Baba mkubwa kaitoa shotigani yake ya mitutu miwili, akanikabidhi niikague.

NEEMA: Ile anayoiita Mwingereza?

KESSY: Huyohuyo. Juu, katikati ya mitutu, imechorwa "W. Richards". Lakini bunduki ya kale huisomi mgongoni, unaisoma tumboni. Nikaichomoa mitutu, nikaigeuza. Kule nyuma, panapokaa risasi, pamegongwa kiduara cha mviringo wa yai, ndani mna herufi ELG na nyota, juu yake taji. Huo ni muhuri wa Liège, Ubelgiji, wanapojaribia mitutu kabla haijauzwa. Taji liliongezwa 1893, kwa hiyo bunduki ni ya baada ya hapo.

NEEMA: Subiri. Mwingereza ni Mbelgiji?

KESSY: Usicheke.

NEEMA: Si ndiye anayepakwa mafuta kila Jumapili baada ya ibada? Wajukuu wakipiga kelele wanaambiwa Mwingereza amepumzika!

KESSY: Mwaka jana hata mvua ilipovuja, Mwingereza ndiye aliyehamishwa wa kwanza. Mama mkubwa akafuata.

NEEMA: (anacheka) Pole zake mama mkubwa. Haya, angekuwa Mwingereza kweli ungeona nini?

KESSY: Muhuri wa London au Birmingham. London ni GP chini ya taji. Birmingham, kuanzia 1904, ni BP chini ya taji. Hakuna hata kimoja. Wabelgiji waliuza bunduki nyingi za bei nafuu zenye jina hilo la W. Richards, mnunuzi adhani ni Westley Richards, watengeneza bunduki wa Birmingham. Ni feki.

NEEMA: Hapo sikubali. W. Richards alikuwepo, fundi bunduki wa Liverpool.

KESSY: Alikuwepo, ndiyo. Sasa bunduki yake ingejaribiwaje Liège?

NEEMA: Labda aliagiza, akaweka jina lake. Wenye maduka walifanya hivyo.

KESSY: Angeiuza Uingereza, huenda ingepitishwa tena kwenye majaribio ya kwao. Muhuri uko wapi?

NEEMA: Na kama ililetwa huku moja kwa moja? Halafu feki gani hiyo imelinda shamba tangu enzi za babu yenu?

KESSY: Kulinda shamba hakubadilishi jina la uongo.

NEEMA: Uongo wa nani? Huna risiti.

KESSY: Nina mtutu.

NEEMA: Mtutu umekwambia ulikojaribiwa. Nia ya aliyechora jina haujakwambia.

KESSY: Haya, kaa na yako.

NEEMA: Nakaa nayo. Na baba mkubwa ukamwambia?

KESSY: Kasema Ubelgiji ni mkoa wa Uingereza.

NEEMA: (anacheka) Mungu wangu! Fundi mitambo ananionyesha saa. Tuliahidi namba za tundu la mtutu, na leseni, na...

KESSY: Leseni tuiache. Lakini hili lazima: ukiona mitutu ina michirizi kama ngozi ya chatu, hiyo ni damaski, chuma na feleji vilivyosokotwa vikafuliwa pamoja. Mingi ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya kale. Usitie risasi za siku hizi za dukani.

NEEMA: Na namba?

KESSY: Ukikuta 18.2 kwenye ya Liège, hicho ni kipenyo cha tundu kwa milimita. Sasa hapo pana jambo...

NEEMA: Kessy, tumekatwa.