Ukuta na Mkoko: Namna ya Kujenga Picha ya Matabaka Mombasa

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Ubao ulioegemezwa hapa mbele una upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 90. Juu ni ukuta: mabango yaliyochanika, herufi za rangi ya kupuliza, nyeupe na buluu ya majengo ya katikati ya mji tangu agizo la kaunti la 2018, na ule mstari wa manjano ambao matatu zimeuvaa tangu 2004. Chini ni matope ya mkono wa bahari wa Tudor maji yakiwa yamekupwa, mizizi ya mikoko, na ndege mmoja, mdiria. Tafuteni mpaka baina ya juu na chini, hamtauona. Mkia wa herufi ya mwisho unateremka mpaka unakuwa mzizi.

Nitazungumza hasa juu ya hapo panapokutana, kwa kuwa picha za aina hii, zinazojengwa kwa matabaka ya karatasi, mchanga, majani na rangi, huharibikia hapo, na huharibika kwa njia mbili. Jicho huona vipande viwili visivyojuana, ukuta na ua lililobandikwa juu yake. Kisha masika moja ikipita, rangi hubambuka palepale jani lilipokutana na ukuta. Kwangu mimi chanzo ni kimoja: maumbile yameletwa mwisho, kama pambo. Yaingizwe tangu tabaka la kwanza, na yaingie yakiwa ni mali ya kazi, yaani rangi, mchanga na alama, kabla ya kuwa sura ya ndege.

Pwani jambo hili lina umri. Ndani ya Fort Jesus mna michoro ya ukutani ya Wareno, ya karne ya 17, meli na samaki, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Aliyechora alitumia kilichokuwa karibu na mkono wake.

Sasa ubao wenyewe. Chukua plaiwudi inayostahimili maji, milimita 12, na nyuma uipigie fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili. Ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa ni rahisi na una uso laini, lakini kwa hewa yetu kingo zake hufura na hazirudi tena. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida utatoa doa la kutu hadi mbele ya picha. Piga msasa namba 120, kisha ziba pande zote mbili na kingo kwa mikono miwili, yaani mipako miwili, ya gundi ya akriliki, ile ya plastiki inayozimuliwa kwa maji. Ukiziba mbele peke yake, mgongo utakunywa unyevu na ubao utapinda. Halafu praima, yaani rangi ya msingi, nyeupe isiyong'aa, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikatiza uliotangulia.

Juu ya praima hiyo huja rangi ya kwanza, nayo hutoka kwenye mkandaa, aina ya mkoko. Gome lake lina tanini nyingi, ile dawa ya ukakasi, na hutoa wekundu wa kahawia. Tafadhali msibandue mti ulio hai: ukizungushwa kisu hufa, na isitoshe mikoko ni msitu wa serikali, haiguswi bila kibali. Waulizeni wauza boriti, magome huwadondokea. Gramu 200 kwa lita mbili za maji, moto mdogo, saa nzima, kisha chuja kwa kitambaa. Sufuria isiwe ya chuma cha kawaida, kwa sababu tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi.

Weusi huo lakini tunautaka mahali pengine. Loweka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa wiki moja. Maji ya mkandaa yakishakauka ubaoni, changanya kijiko kimoja cha siki hiyo na glasi ya maji, upitishe brashi sehemu ya chini. Mbele ya macho yako kahawia itageuka kijivu, kisha buluu nzito inayokaribia weusi. Hiyo ndiyo rangi ya tope la mikokoni, na hakuna mkebe wa dukani utakaokupa. Usizidishe: chuma kikiwa kingi huendelea kula karatasi miaka mingi baadaye, kwa hiyo bango lisigandishwe juu ya sehemu iliyokolea.

Tanini ina tabia nyingine inayowachosha watu. Huyeyuka kwenye maji. Ukipaka nyeupe ya akriliki juu yake, itapanda na kuacha madoa ya manjano, na kupaka nyeupe zaidi hakusaidii, kwani kila mkono unaleta maji mapya. Dawa ni sheleki nyembamba, vanishi inayozimuliwa kwa spiriti badala ya maji, mkono mmoja, ikauke usiku kucha, ndipo uendelee.

Mabango chukua yaliyokwisha muda wake na yanayobambuka yenyewe, yenye karatasi tatu nne zilizogandana. Huko Paris, wasanii Jacques Villeglé na Raymond Hains walikuwa wakibandua mabango yaliyochanika tangu 1949 na kuyaonyesha kama picha, na somo lao bado lina nguvu: mchaniko wa mtaani una mwendo ambao mkono uliokusudia hauuwezi. Kwa hiyo usiunyooshe kwa mkasi. Gundi ya uji wa ngano inafaa ukutani. Kwenye picha ya kukaa nyumbani ni chakula cha mende. Tumia gundi ya akriliki chini na juu ya karatasi, ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje. Wino wa bei nafuu hupauka, na nyekundu na manjano hutangulia, basi ukizihitaji zirudie kwa brashi.

Mchanga wa pwani ni mzuri kwa sababu una matumbawe na makombe yaliyosagika, lakini umejaa chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ikifungiwa chini ya rangi hutoa malengelenge na unga mweupe. Loweka mchanga katika maji baridi ya mfereji siku nzima, mwaga, rudia mara tano. Kisha dondosha tone la maji ya mwisho juu ya kioo cheusi, liache likauke. Likiacha duara jeupe, rudia pia kwa maji ya chupa. Mfereji wako ukiwa wa kisima chenye chumvi, utaoshea chumvi kwa chumvi. Fungu moja la mchanga, mawili ya gundi ya akriliki, unene usizidi milimita tatu kwa mkono mmoja, la sivyo juu hukauka kabla ya ndani na hupasuka.

Majani ndiyo yanayohitaji subira. Jani la mkoko ni nene, lina nta, na ndani lina maji mengi. Ukiligandisha zima, litasinyaa chini ya gundi na kuing'oa. La mchu, mkoko wa aina nyingine, ni jembamba kidogo lakini mti huo hutoa chumvi kupitia majani yake, mnaweza kuionja kwa ulimi. Kuna wanaolainisha majani kwa gliserini. Yanabaki laini kweli, ila gliserini huvuta unyevu na gundi haishiki juu yake. Kwa majani haya mawili ushauri wangu ni mmoja: piga chapa. Osha, kausha, paka rangi nyembamba upande wa mishipa, laza ubaoni, weka karatasi juu, sugua kwa kiganja, inua mara moja bila kuburuta.

Jani la kugandisha ni la mkungu. Mti huu umejaa kandokando ya barabara zetu na huangusha majani mekundu wenyewe, hivyo ni maumbile ambayo tayari ni ya mtaani. Toa nyama yake ibaki mishipa: vijiko viwili vikubwa vya soda ya kufulia kwa lita moja ya maji, chemsha polepole saa moja au zaidi hadi nyama iwe laini, kisha kwa mswaki laini igongegonge, usisugue. Vaa glavu, soda huchubua. Suuza sana, kandamiza kati ya magazeti, na badilisha gazeti kila siku ili ukungu usiingie. Kinachobaki ni wavu mwembamba unaolala bapa juu ya bango, na maandishi yanasomeka kupitia mishipa. Hapo jani na ukuta vinakuwa uso mmoja, na huo mkutano ndio nilioutaja mwanzo.

Rangi ya kupuliza ije baada ya akriliki kukauka siku mbili. Akriliki juu ya rangi ya kupuliza iliyo ya mafuta na inayong'aa haishiki, ila kinyume chake kinawezekana. Tikisa mkebe dakika mbili, shika sentimita 20 hadi 30 kutoka ubaoni, anza kupuliza nje ya umbo na umalizie nje. Fanyeni kazi hii kati ya saa nne na saa tisa mchana. Alfajiri unyevu ni mwingi, na rangi inayokauka kwenye unyevu hufanya utando wa maziwa. Kusi ikivuma, wekeni kinga ya turubai, na vaeni barakoa yenye vichujio vya kaboni. Kitambaa hakizuii mvuke wa thina. Mkono wa pili uje ndani ya saa moja au baada ya siku mbili, kama mkebe unavyoelekeza. Katikati ya hapo viyeyushi vya mkono mpya hukunja wa zamani.

Kwa stensili, yaani kiolezo kilichotobolewa cha kupulizia rangi, filamu kuukuu za eksirei ni bora kuliko manila kwa kuwa hazilowi. Mizizi ya mkoko inafaa mno: stensili huhitaji vishikizo vya kuunganisha vipande vya ndani, na mizizi ile hupishana yenyewe, kila makutano yakawa kishikizo. Gandisha kingo kwa gundi hafifu, puliza mara tatu kidogo kidogo badala ya mara moja kwa wingi, kwani rangi nyingi hupenya chini.

Mdiria ni wa brashi, na ni wa mwisho. Mdiria wa mikokoni ana mdomo mwekundu mtupu, kichwa cha kijivu na mabawa ya buluu. Mwekeni mdogo, sentimita kumi zinatosha. Ndege mkubwa katikati hugeuza ukuta kuwa pazia. Mpeni buluu ileile ya jengo lililo juu. Kati ya aina za buluu za dukani, iwe ya thalo. Buluu ya Prussia ikikaa juu ya chokaa hugeuka kahawia, na wengi wenu mnapenda kuchanganya chokaa kwenye praima.

Vanishi isiyong'aa yenye kinga ya jua, mikono miwili, mchana mkavu. Mkitundika, bandikeni vipande vya kizibo vya sentimita mbili kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite, na msichague ukuta unaopakana na bafu. Masika yakiisha mwezi Juni, iteremsheni mtazame kingo za majani kwa tochi iliyolazwa upande. Ukiona ncha imenyanyuka, ingiza gundi ya akriliki iliyozimuliwa kwa sindano isiyo kali, weka karatasi ya nta na uzito wa kilo moja juu yake hadi kesho.