Jaketi Livaliwe Gatini: Mhadhara kwa Manahodha wa Boti za Watalii, Ziwa Naivasha

Habari za asubuhi, manahodha na wenye boti. Najua mkikaa hapa wageni wanapita, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Sheria mnaijua. Boti ikaguliwe na isajiliwe na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA. Nahodha awe na leseni. Abiria wasizidi idadi iliyo kwenye cheti, na kila aliyemo awe na jaketi la kuokoa maisha. Hili la mwisho ndilo lililonileta, maana wengi tunalitimiza kwa kuonyesha tu: majaketi yapo, lakini yamerundikwa chini ya viti.

Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe, MV Templar, ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda. Watu walikuwa kwenye sherehe, na ufuo haukuwa mbali. Walikufa zaidi ya 30. Serikali ya Uganda ilisema boti haikuwa na leseni na ilikuwa imejaza kupita kiasi. Naomba tuitazame ajali hiyo kama yetu, kwa sababu wateja wake ni kama wateja wetu: watu waliotoka kujifurahisha.

Boti ndogo haipinduki kwa taarifa. Mgeni mmoja anaona kiboko upande wa kushoto, anasimama na simu yake, wengine sita wanamfuata. Uzito wote umehamia kushoto, maji yanaingia ukingoni, basi. Aliye majini akiwa ameshtuka, nguo zimelowa, hawezi kutafuta jaketi chini ya kiti kilichopinduka, sembuse kufunga vifungo vyake. Na aliyejifunza kuogelea Mombasa ajue kwamba maji haya baridi hayana chumvi, hayamwinui mtu kama bahari.

Ndiyo maana nasema jaketi livaliwe gatini, injini ikiwa bado imezimwa. Mtoto usimvike la mtu mzima. Ukishafunga vifungo vyote, shika mabega ya jaketi uvute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Mtoto atachomoka chini nalo litabaki likielea peke yake. Nimeona wazazi wakinyamaza kabisa wakionyeshwa jambo hilo, kisha wakakaza mikanda wenyewe bila kubishana. Kama huna jaketi la kumtosha, mtoto huyo habebwi, hata kama baba yake ameshalipa.

Viboko nanyi mnaishi pamoja, kwa hiyo nitasema moja tu. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika kama tano, kwa hiyo mahali palipotulia si lazima pawe patupu. Usipite kati yake na kina kirefu, maana huko ndiko anakokimbilia. Mgeni akikuomba usogee karibu zaidi apige picha, mkatalie kwa upole, lakini mkatalie.

Tangu maji yalipopanda, migunga mingi imebaki majini, na visiki vingine havionekani. Karibu na ufuo nenda polepole, na ile kamba ya kuzimia injini ifunge mkononi mwako. Ukirushwa nje, injini izime palepale. Boti isiyo na nahodha huzunguka na kumrudia aliyeanguka, panga zake zikiwa bado zinakata.

Upepo wa alasiri mnaujua kuliko mimi. Anayetoka saa tisa aache gatini majina ya abiria, idadi yao na saa ya kurudi. Mtu asipojua kuwa umechelewa, hakuna atakayekutafuta. Na boti ikipinduka, waambie wote waishike, wasijaribu kuogelea hadi ufuoni. Boti iliyopinduka bado inaelea na inaonekana kutoka mbali.

Tutoke nje sasa. Kila mmoja achukue jaketi moja kutoka botini mwake, lile kuukuu kuliko yote, tuvute mikanda na kubana vifungo kimoja kimoja. Litakalokatika halirudi botini leo.