Kadesh-barnea: Usiku wa Kilio, Asubuhi ya Ukaidi

REHEMA: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Mimi ni Rehema, niko na Mwalimu Zakayo. Mwalimu, shikamoo.

ZAKAYO: Marahaba, dada. Amina, asifiwe.

REHEMA: Leo tuko Hesabu 13 na 14. Kinachoniuma kila nikisoma hapa ni kwamba Waisraeli hawa waliotoka Misri walikuwa wamefika kwenye mpaka wa nchi waliyoahidiwa na Mungu. Kumbukumbu la Torati inasema kutoka mlima Horebu mpaka Kadesh-barnea, pale walipopiga kambi, ni mwendo wa siku 11 tu.

ZAKAYO: Walikuwa mlangoni kabisa, na ushahidi wameushika mikononi. Wapelelezi 12 wamezunguka nchi siku 40, wamerudi na kichala kimoja cha zabibu kutoka bonde la Eshkoli, kimetundikwa kwenye mti, wanaume wawili wanakibeba. Na makomamanga, na tini. Hata wale 10 walikiri kwamba nchi ina wingi wa maziwa na asali. Ubishi ulianza walipofika kwenye miji yenye maboma na wana wa Anaki, watu warefu kama majitu.

REHEMA: Na hapo hawakudanganya, Mwalimu. Waanaki walikuwepo Hebroni, mpaka majina yao tumepewa: Ahimani, Sheshai na Talmai.

ZAKAYO: Ndiyo, walikuwepo. Kuona hatari si kukosa imani, maana Kalebu na Yoshua, wale wapelelezi wawili waliobaki, waliyaona maboma yale yale. Lakini wale 10 walijipima wenyewe na yale majitu, Mungu wakamwacha nje ya hesabu. Wakasema tulijiona kama mapanzi, na wenyeji nao walituona hivyo hivyo. Sasa, nani aliwaambia wenyeji waliwaonaje?

REHEMA: Hakuna. Tena ukienda Yoshua 2, Rahabu wa Yeriko anasema walisikia habari za Bahari ya Shamu kukaushwa mbele ya Israeli, mioyo yao ikayeyuka.

ZAKAYO: Umeona? Majitu yaliogopwa na watu ambao wenyewe walikuwa wanaogopwa. Na hofu haikuishia kwenye majitu. Kumbukumbu la Torati 1 inasema walinung'unika hemani mwao kwamba Bwana anawachukia, ndiyo maana akawatoa Misri. Hebu fikiria. Tendo kubwa kuliko yote ya upendo waliyotendewa, wanalisoma kama chuki. Kutokuamini kukikomaa kunafika hapo, kunageuza hata kumbukumbu zako.

REHEMA: Wakalia usiku kucha, wakataka kiongozi wa kuwarudisha Misri, wakataka kuwapiga mawe Yoshua na Kalebu. Musa akawaombea, na hukumu ikatoka: waliohesabiwa, wa miaka 20 na zaidi, hawataingia isipokuwa wale wawili. Mwaka kwa kila siku ya upelelezi, miaka 40. Sasa Mwalimu, mimi nina swali zito. Kesho yake waliamka asubuhi na mapema, wakasema tumefanya dhambi, tuko tayari kupanda kwenda nchi ile. Wametubu! Mbona wakakataliwa?

ZAKAYO: Kwa sababu neno lilikuwa limebadilika. Bwana alishawaambia wageuke, waende jangwani kwa njia ya Bahari ya Shamu. Jana waliambiwa pandeni, wakakaa. Leo wanaambiwa geukeni, wanapanda. Musa akawaonya kwamba Bwana hayuko kati yao. Sanduku la agano, ishara ya Mungu kuwa kati yao, halikutoka kambini, Musa hakutoka. Wao wakapanda hivyo hivyo, Waamaleki na Wakanaani wakawapiga mpaka Horma.

REHEMA: Kwa hiyo lile lililoonekana ujasiri...

ZAKAYO: Ni ukaidi ule ule wa jana umevaa nguo nyingine. Walichokitaka ni adhabu iondoke. Na ukisoma taratibu, Hesabu 14 mstari wa 20 Bwana anamwambia Musa amesamehe. Amesamehe, halafu ndiyo hukumu inafuata. Sisi tunafikiri msamaha unafuta matokeo yote.

REHEMA: Hili tunaliona sana makanisani. Mtu ametumia fedha za kikundi, amekiri mbele ya wenzake, wamemsamehe kwa moyo. Halafu anawachukia kwa sababu hawajamrudishia uweka hazina.

ZAKAYO: Na pengine wanampenda kweli. Toba yake itaonekana kwa namna anavyokaa akiwa mwanachama wa kawaida. Israeli nao utii wao mpya ulikuwa huo: kugeuka, kutembea jangwani, kuwalea watoto watakaoingia. Na Mungu hakuwaacha huko. Mana, chakula cha kutoka mbinguni, iliendelea kushuka, nguo hazikuchakaa.

REHEMA: Lakini Kalebu, jamani. Yeye alitii, na bado akazunguka jangwani na waasi.

ZAKAYO: Dada, hapo hata mimi napata uzito. Alipotumwa alikuwa na miaka 40. Kutoka Kadesh-barnea mpaka kuvuka kijito cha Zeredi ilipita miaka 38, na katika miaka hiyo alizika rika lake lote. Watu waliotaka kumpiga mawe, ndio aliokula nao mana, akahama nao, akawazika. Hatusomi popote kwamba aliwakumbusha, niliwaambia.

REHEMA: Hilo ndilo linanivunja. Kuna mama ananisikiliza sasa hivi, analipa gharama ya uamuzi wa mtu mwingine, na yeye hakukosa.

ZAKAYO: Mama, simama na Kalebu kwenye Yoshua 14. Ana miaka 85. Anakwenda kwa Yoshua kudai alichoahidiwa miaka 45 iliyopita. Angeweza kuomba bonde lenye maji, kwa umri ule nani angemlaumu? Anasema, nipe mlima huu. Hebroni! Kule kule kwa Waanaki. Na aliwatoa, Sheshai, Ahimani na Talmai, majina yale yale matatu.

REHEMA: Haleluya. Wapendwa, wiki ijayo tunaingia Hesabu 20, maji ya Meriba, pale Musa mwenyewe anapoupiga mwamba alioambiwa auambie neno. Isomeni sura yote kabla hatujakutana, na mstari wa 12 uandikeni pembeni, tutaanzia hapo. Mwalimu, asante sana.

ZAKAYO: Asante, dada. Mbarikiwe nyote.