Chumvi, Mkate na Cheo: Meza ya Uingereza Karne ya 16

Mabibi na mabwana, hamjambo. Naomba tuingie pamoja katika ukumbi wa tajiri mmoja wa Uingereza, miaka ya 1500 na kitu. Msikimbilie kutazama chakula. Tazameni watu wamekaa wapi. Kule juu yuko mwenye nyumba na wageni wake wakubwa, na mbele yao limewekwa chombo kikubwa cha fedha chenye chumvi. Ukikaa chini ya chumvi ile, yaani mbali nayo na mbali na mwenye nyumba, umeshajulikana wewe ni nani.

Hata idadi ya vyakula ilitolewa amri. Mwaka 1517 mfalme Henry VIII alitangaza kwamba kadinali aandaliwe vyakula 9 kwa mlo mmoja, maaskofu na wakuu wa ngazi yao 7, malodi, yaani mabwana wenye vyeo, waliokuwa chini yao 6, na kuendelea kushuka kwa kufuata kipato. Lakini ukitembelewa na aliyekuzidi cheo, uliruhusiwa kuandaa kwa kiwango chake. Aibu ya kumlisha mgeni pungufu hata mfalme aliiogopa!

Habari ya chumvi inapendwa sana. Mimi nasema mkate una mengi zaidi. Mkate wa wakubwa ulitokana na unga wa ngano uliochekechwa kwa kitambaa hadi pumba zikaisha. Sisi tunaojua sembe na dona tunaelewa upesi. William Harrison, kasisi wa kijiji huko Essex enzi za Malkia Elizabeth I, aliandika kwamba waungwana walijiwekea ngano ya kutosha, huku watumishi wao na majirani maskini wakila mkate wa shayiri. Mwaka wa njaa maskini walioka mkate wa maharage na njegere, hata wa mbegu za mwaloni. Mbegu hizo ndizo nguruwe walizonenepeshwa nazo. Fikirini mama anayekanda unga huo, na jumba la tajiri analiona kutoka mlangoni kwake.

Kisha ikaja sukari. Katika karamu kubwa walifinyanga sukari ikawa sahani na vikombe. Mgeni akimaliza kunywa, anakitafuna kikombe. Mjerumani Paul Hentzner alimwona Malkia Elizabeth mwaka 1598, akaandika kwamba meno yake yalikuwa meusi, na kwamba Waingereza wanapenda mno sukari. Hayo ndiyo meno ya mtu aliyeweza kuinunua kila siku.

Kuanzia miaka ya 1640 mashamba ya Barbados, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Waingereza, yalijaa miwa, iliyolimwa na kukatwa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Hili naomba tusilipite haraka, maana ndilo lililoshusha bei ya sukari. Kufika karne ya 18, kibarua wa London alikuwa na mkate wa ngano mezani na chai yenye sukari. Vitu vilivyomtenga bwana na mtumishi vilikuwa vimefika mikononi mwa mtumishi, na gharama ya ile sukari ililipwa na mtu wa Barbados ambaye katika meza ile hakuwa na kiti popote, si juu ya chumvi wala chini yake.