Panado ya maji kwa mtoto aliyeumia: pima kwa kilo, achana na kijiko

Mugonile wadau, niko dukani kwangu hapa Mwanjelwa, baridi ya leo mnisamehe na hili koti. Msimu wa maparachichi huu, watoto wanadondoka mitini, mkono umevimba, analia, usafiri wa hospitali bado haujafika. Unampa panado, yaani parasetamo, kiasi gani?

Kwanza kilo. Zipo kwenye kadi ya kliniki, kama ni za zamani mpime upya. Tuseme ana kilo 12, zidisha mara 15 unapata miligramu 180, hiyo ndo juu kabisa kwa mara moja.

Sasa chupa. Hapa tulieni kabisa maana hapa niliwahi kuchemka mwenyewe, na dawa ndo kazi yangu. Hii kubwa... ngoja, lebo inang'aa, nigeuze... haya, miligramu 120 kwenye mililita 5, kwahiyo 180 ni mililita 7.5. Hii ndogo ya matone ya vichanga ni 100 kwenye mililita MOJA. Moja jamani! Humu 180 ni mililita 1.8 tu. Mimi nilizoea kubwa, usiku mwanangu anachemka nikavuta 7.5 kwenye hii ndogo, bibi yake ndo akauliza mbona chupa inakauka. Miligramu 750 ile, bado kidogo nimnyweshe! Na ini likiumia halipigi kelele, siku ya kwanza mtoto anacheza tu, mnakuja kushtuka ya pili au ya tatu. Soma lebo. Umesoma? Soma tena.

Vuta kwa sirinji isiyo na sindano, ninazo hapa, vijiko vya chai jikoni kwangu vipo vitatu na hakuna vinavyolingana. Ona... kuna hewa humu, hapo sijapima kitu, rudisha, vuta tena. Weka pembeni ya shavu, polepole asipaliwe.

Saa uliyompa andika, mi naandika mkononi kwa peni. Nyingine baada ya masaa 6, zisizidi 4 kwa siku. Dawa ya mafua usimwongezee, nyingi zina parasetamo humohumo ndani. Aspirini mtoto hapewi, na kichanga chini ya miezi 3 usimpe chochote, kimbia naye. Hospitali waambie saa na mililita, wasije wakarudia.

Aa, mteja kaingia, karibu mama.