Kabla Hujamfuata Mwenzako Shimoni

Mhadhara kwa mafundi wa visima na vyoo, wafanyakazi wa maghala na wachimbaji wadogo, Mbeya

Ndugu mafundi, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu wa maghala ya mahindi, na ninyi vijana mliotoka Chunya asubuhi, asanteni kwa kuja. Najua kwa wengi wenu mchana usio na kazi ni mchana usio na hela, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Leo nataka tuongee juu ya kifo cha pili. Cha kwanza mnakijua. Fundi anashuka kwenye kisima, shimo la choo au tangi, anaishiwa nguvu, anaanguka. Cha pili ni cha yule aliyekuwa juu. Ameita, hakuitikiwa, amechungulia akamwona mwenzake amelala, akavua koti akashuka. Baada ya dakika mbili wako chini wote wawili. Mara nyingine anafuata wa tatu, ndugu au jirani aliyesikia kelele. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu zilizofungika ni watu waliokwenda kuokoa. Hebu ifikirieni hesabu hiyo. Wengi wa waliokufa hawakuwa na kazi yoyote mle ndani. Walikwenda kusaidia.

Sisi tumelelewa kukimbilia yowe. Likipigwa usiku Uyole au Mbalizi, mtu anatoka na panga lake kabla hajajua kuna nini. Ni malezi mema na sitaki mtu ayaache. Ila shimoni yanatumaliza, kwa sababu kilichomwangusha wa kwanza bado kipo palepale, na hakijali ushujaa wa wa pili. Ninachowaomba leo ni kwamba msaada wa mwenzako uandaliwe kabla hajashuka. Akishaanguka umechelewa.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa tunayovuta humu ukumbini ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5, kanuni za usalama zinasema mtu asiingie bila mtungi wa hewa ya kupumulia. Ikifika kama asilimia 10 mtu anazimia, na chini ya 6 anakufa ndani ya dakika chache. Sasa hapa ndipo mashujaa wanapodanganyika. Mwili wa binadamu hauna kengele ya kutegemewa ya kumwambia kwamba oksijeni imepungua. Kule kubanwa kifua unakokusikia ukijizuia kupumua kunaletwa hasa na hewa ya ukaa inayojikusanya kwenye damu. Ukiwa ndani ya tangi ambalo oksijeni imekwisha, huku unaendelea kutoa ukaa wako nje kama kawaida, husikii kubanwa. Miguu inakuwa mizito, akili inalegea, wengine wanachangamka kama waliolewa kidogo, halafu wanaanguka. Kwa hiyo fundi anayesema "nikiona hewa nzito nitapanda" anangoja dalili ambayo huenda isije.

Na sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu la ziada. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kipima gesi kitaandika 20.9 hapa kama kitakavyoandika Dar es Salaam, lakini hewa yetu ni nyepesi, na kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Njombe na Makete ni zaidi ya hapo. Tumezaliwa humu na tumezoea, lakini akiba yetu ni ndogo, na hewa ya shimoni ikianza kuharibika sisi tunafika pabaya mapema. Ushauri wangu kwa fundi wa huku ni huu: usingoje 19.5. Kipimo kikishuka hata kidogo chini ya kile ulichokisoma nje, simama utafute sababu, maana kuna kitu kimechukua nafasi ya oksijeni hiyo au kimeila. Tangi la chuma lililofungwa wiki kadhaa, kwa mfano, linaota kutu ndani, na kutu inakula oksijeni. Linaweza kuwa safi kabisa, halina hata harufu, na bado likaua.

Nikija kwa ninyi mnaotapisha vyoo na kuzibua makaro, adui yenu mkubwa ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Watu wengi wanaitegemea harufu hiyo iwaonye. Inaonya ikiwa kidogo. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache na harufu inapotea. Fundi anawaambia wenzake "sasa kumetulia", kumbe ndiyo kwanza imezidi. Ikipita 700 hivi, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake. Kuna jambo jingine: gesi hii inakaa imefungwa ndani ya tope, na tope likikorogwa inatoka kwa mkupuo. Shimo lililopimwa asubuhi likaonekana salama linabadilika pale fundi anapotia koleo. Ndiyo maana kipimo hakiachwi juu. Kinavaliwa kifuani na kinabaki kimewashwa muda wote wa kazi. Na kama gari la kunyonya majitaka linafika mtaani kwako, liite, usimtume mtu kushuka. Shimo ambalo halikuingiwa na mtu halijawahi kuua mtu.

Barakoa haisaidii hapa, wala kitambaa kilicholowanishwa. Vinazuia vumbi. Haviwezi kuzaa oksijeni.

Sasa Rungwe na Busokelo. Wenyeji wa kule wanajua kwamba zipo sehemu gesi inatoka ardhini yenyewe, kwa sababu ya volkano zilizo chini yetu. Ni hewa ya ukaa, kaboni dayoksaidi, na ni nyingi kiasi kwamba inavunwa kiwandani na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda na bia. Ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo inatulia kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Mjue nguvu yake: Agosti 1986, ziwa Nyos la Kameruni, nalo la volkano, lilitoa gesi hiyohiyo usiku, ikateremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao.

Mchimba kisima wa Tukuyu anisikilize vizuri hapa. Kipima gesi cha kawaida kinapima vitu vinne: oksijeni, gesi zinazolipuka, kaboni monoksaidi, yaani sumu ya moshi wa injini, na haidrojeni salfaidi. Hewa ya ukaa haimo. Mtu atasema oksijeni ikishuka si tutajua? Tupige hesabu. Hewa ya ukaa ikijaa asilimia 5 kisimani, inasukuma kila kitu kilichokuwamo kwa uwiano, na oksijeni inashuka kutoka 20.9 hadi kama 19.9 tu. Kipimo hakilii, maana bado kiko juu ya 19.5. Lakini asilimia 5 ya hewa ya ukaa ni hatari kamili. Kichwa kinagonga, pumzi zinakwenda mbio, na mtu hawezi kukaa humo akafanya kazi. Kwa maeneo yale, ulizeni kipimo chenye kihisi cha kaboni dayoksaidi.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: na kibatari je? Baba zetu walikuwa wanateremsha kibatari au mshumaa kwa kamba, ukizimika hawashuki. Mzee wangu, nawaheshimu waliobuni hilo, maana walielewa kwamba hewa ya shimoni si hewa ya juu, na limeokoa watu. Lakini mshumaa unazimika oksijeni ikiwa karibu asilimia 16, na sisi tunataka kujua mapema kuliko hapo. Haukuambii lolote kuhusu haidrojeni salfaidi, wala kaboni monoksaidi. Na kwenye karo la choo au tangi la petroli, mwali huo ni kiberiti. Methani, gesi ya uchafu unaooza, inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Moto usiteremshwe shimoni, hata wa sigara.

Pia kisima cha jana si kisima cha leo. Mvua kubwa inapokaribia, mgandamizo wa hewa unashuka na udongo unatoa gesi zake ndani ya shimo. Na mchana wa jua la Oktoba, hewa ya kisimani ni baridi kuliko ya nje, kwa hiyo inalala chini bila kubadilishana. Kwa hiyo pimeni kila siku na kila mnaporudi kutoka kula, juu, katikati na chini kabisa, kipimo kikiwa kwenye kamba na ninyi mkiwa nje.

Kuna kosa moja naliona kila mahali, na ninaelewa linatoka wapi. Pampu ya petroli inayonyonya maji kwa kawaida haifiki zaidi ya mita 7 hivi, na huku juu ni pungufu ya hapo. Kisima kikizidi kina hicho, fundi anaiteremsha pampu yenyewe chini, anaifunga kwenye mbao na kuiwasha. Injini hiyo inamwaga kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ndani ya shimo lenye upana wa mita moja. Fundi akishuka kuongeza mafuta hapandi tena. Tumieni pampu ya umeme ya kuzama, jenereta ikae juu, mbali, upande ambao upepo haurudishi moshi shimoni. Vijana wa Chunya, moshi wa baruti kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia madini, una sumu hiyohiyo. Kompresa ipulize hewa mpaka chini, na muda wa kusubiri usikatwe kwa sababu mwenye duara ana haraka.

Mama zangu wa maghala, kwenu niseme mawili. Vidonge vya kuua wadudu vinavyowekwa kwenye mahindi vinatoa gesi ya fosfini vikikutana na unyevu. Ghala lililofukizwa halifunguliwi na kuingiwa papo hapo, wala halilaliwi karibu na ukuta wake. Na kwenye vihenge virefu vya chuma, kama vile vya Makambako na Songwe, mtu asisimame juu ya nafaka wakati inatolewa chini. Inamvuta kwa sekunde chache, na akishafukiwa hadi kiunoni mikono ya wenzake haitoshi kumtoa.

Haya, kamba. Kila anayeshuka avae mkanda wa mwili unaopita mabegani na mapajani, wenye kamba iliyofungwa juu kabla mguu wake haujaingia shimoni. Kamba ya kiunoni inamkunja mtu aliyezimia na inaweza kumvunja. Juu ya shimo simikeni nguzo tatu imara zenye kapi. Watu wa juu wawe wawili na wasiondoke, hata kwenda kununua vocha. Mmoja wao awe anazungumza na aliye chini muda wote. Asipoitikia mara moja, mnavuta. Hakuna kujadiliana, hakuna "labda hajasikia".

Najua tatizo liko wapi. Tajiri anakulipa kwa futi, anawaona watu wawili wamekaa juu na anasema hao hawafanyi kitu, siwalipi. Fundi anakubali bei, anapunguza watu, anabaki na kijana mmoja wa kuvuta ndoo. Nasema kwa uchungu: kwenye kazi ya shimo hakuna anayefanya kazi kubwa kuliko aliye juu. Apewe posho sawa na anayeshuka, na bei ya kazi ihesabiwe hivyo tangu mwanzo. Mkikubaliana ninyi mafundi wa mji huu kwamba hakuna anayeshuka bila wawili juu, tajiri hatapata wa kumpunguzia. Kwa walioajiriwa viwandani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wenu. Mtu akikuamuru uingie kwenye tangi, mwulize kibali cha maandishi kiko wapi, nani amepima hewa, valvu na swichi zimefungwa na nani, na nani anakaa mlangoni.

Swali? Ndiyo, kijana wangu pale dirishani. Anauliza: na kama kamba haikufungwa, na aliye chini ni mdogo wangu wa tumbo moja?

Nakujibu kama kaka. Usishuke. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, waambie ni shimo na kuna mtu ndani, ili waje na mitungi ya hewa. Pulizeni hewa safi mpaka chini kwa chochote mlicho nacho, feni yenye bomba pana au kompresa, na msiache kupuliza. Tumbukizeni kamba yenye kitanzi, kwa sababu mara nyingine mtu anazinduka akapata nguvu ya kuishika. Waondoe ndugu wengine ukingoni, hata kwa kuwashika kwa nguvu. Ninajua ninachokuomba. Lakini mama yenu akirudi kutoka shamba anahitaji kumkuta angalau mmoja wenu, na wewe ukiwa mzima juu ndiye mtu pekee anayeweza kuendelea kumsaidia mdogo wako.

Mwingine anauliza kuhusu bei ya kipimo. Ni ghali kwa mtu mmoja. Mna vikoba vya kusomesha watoto na vya kuzika. Fungueni kimoja cha kipimo, mikanda na kapi. Kifaa kimoja kinaweza kuzunguka kwa mafundi kumi, mradi kila siku wajue kiko kwa nani na kirekebishwe kwa gesi ya majaribio kadiri mtengenezaji alivyoelekeza.

Sasa tutoke uani. Nimesimika nguzo tatu juu ya shimo tupu, na kuna gunia la mahindi la kilo mia chini yake. Nataka wawili wawili mlivute mpaka juu huku wengine wakihesabu sekunde, na msiojaribu leo msipande juu ya shimo la mtu wiki hii. Tuanze na mafundi wa Ilomba.